Sufuria ya presha imemuunguza binti wa kazi, na aliyeniuzia ni shemeji yangu

Mshauri, salaam.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mombasa, nimeolewa na nina watoto watatu. Ninaye binti wa miaka 22 anayenisaidia kazi za nyumbani, kwao ni Kwale. Tumeishi naye kwa wema na watoto wangu hawalali mpaka awasimulie hadithi.

Mwezi wa Shaabani nilinunua sufuria ya presha kwa shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Ana duka la vyombo mjini, anauza sufuria, chupa za chai, blenda na vikorokoro vya kutoka China anavyovichukua kwa mtu wa jumla. Alinipunguzia bei, nikamlipa kwa M-Pesa. Risiti sikuiomba, maana nani anaomba risiti kwa shemeji? Ndani ya boksi kulikuwa na karatasi ya maelezo ya Kichina yenye picha ndogondogo.

Ramadhani ilipoingia sufuria ikawa haipumziki. Jioni moja binti alichemsha mbaazi za futari. Anasema alizima gesi, akangoja ile nati ya juu iache kupiga filimbi, akaiinua kidogo kwa kijiko, mvuke haukutoka. Akaona imekwisha. Alipogeuza mkono wa kifuniko, kifuniko kiliruka kikagonga dari. Mimi nilikuwa sebuleni nasahihisha madaftari, nikadhani ni mtungi wa gesi. Nilimkuta amekaa sakafuni, mbaazi zimemganda kifuani na mkono wa kulia, mdomo wazi na sauti haitoki. Kanga ilikuwa imeshikana na ngozi.

Hospitali alilazwa, akapandikizwa ngozi kwenye mkono. Sasa ametoka lakini vidole viwili havikunjiki vizuri. Bili nimeilipa mimi kwa pesa za chama na mkopo wa sako.

Shemeji alikuja na sukari, unga na shilingi 20,000. Alikuja pia na karatasi iliyopigwa chapa, kwamba binti amepokea pesa hizo kwa hiari yake na hatakuwa na dai lolote dhidi ya muuzaji. Anataka binti atie saini na mimi niwe shahidi. Anasema: "Mimi nimeinunua ikiwa kwenye boksi, nimeiuza ikiwa kwenye boksi. Kosa ni la kule China au la huyo aliyefungua kabla ya wakati." Tena dukani kwake kuna tangazo kubwa kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Akaongeza, kuonyesha kuwa si mtu mbaya, kwamba kuna mteja wa Likoni alimrudishia sufuria kama hiyo kwa kuwa kifuniko chake kilikuwa kinalegea, naye akambadilishia bila maneno.

Mume wangu anasema hawezi kumpandisha ndugu yake kizimbani kwa ajili ya sufuria. Mavyaa anasema mambo ya nyumbani yaishe nyumbani, na kama ni lazima, twende kwa Kadhi. Baba wa binti naye alikuja kutoka Kwale. Hakugomba. Alikunywa chai, akamwangalia mtoto wake, akaniuliza: "Mwalimu, huu mkono anaujibu nani?" Sikuwa na la kumwambia.

Nikimshtaki shemeji, nimeivunja nyumba yangu. Nikinyamaza, nimemdhulumu mtoto wa watu. Na mimi kazi yangu ilikuwa kununua sufuria tu. Mwenye kosa hapa ni nani?

Mwalimu, Mombasa


MSHAURI ANAJIBU

Mwalimu, salamu zako zimefika. Pole sana, na pole hizi mfikishie binti na mzee wake.

Nikikuelewa vizuri, unaona watu watatu mbele yako: shemeji aliyeuza, binti aliyeungua, na wewe uliyesimama katikati unavutwa huku na huku. Unatafuta mwenye kosa ili ujue usimame upande gani. Ningependa tulitazame swali hilo kabla ya mengine, kwa sababu ndilo linalowagombanisha watu wa nyumba yako. Ukimwambia shemeji alipe, yeye anasikia kwamba amekosa, mume wako anasikia kwamba ndugu yake ni mwovu, na mavyaa anasikia kwamba umeitukana familia. Lakini katika mambo ya bidhaa mbovu, sheria kwa sehemu kubwa imeacha kuuliza nani mbaya. Inauliza hasara hii aibebe nani.

Tuanze na hoja ya boksi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 31, tuliyoirithi kwa Waingereza, haina habari na nia ya muuzaji. Anayeuza vyombo kama biashara yake amekuahidi, hata kama hakutamka neno, kwamba chombo kinafaa kwa kazi yake. Kazi ya sufuria ya presha ni kuhimili presha. Ikishindwa, ahadi imevunjika, liwe boksi lilifunguliwa au halikufunguliwa, awe alikuuzia kwa faida au kwa hasara. Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012 inashika njia hiyohiyo, na haki inazompa mnunuzi haziondolewi kwa tangazo la ukutani. Kwa hiyo shemeji anaweza kuwa mkweli kabisa katika kila alilosema na bado akawa na deni. Huenda mume wako akilisikia jambo hili hivyo, bila neno kosa ndani yake, atalipokea vingine.

Ila ahadi hiyo alipewa mnunuzi, na mnunuzi ni wewe. Binti hakununua kitu. Tatizo hili lina umri mkubwa. Mwaka 1928 huko Paisley, Uskoti, bibi mmoja, May Donoghue, alinunuliwa soda ya tangawizi na rafiki yake mkahawani. Chupa ilikuwa ya rangi nzito, haionyeshi kilichomo. Alipomiminiwa iliyobaki, alidai, kukatoka konokono aliyeoza, na akaugua. Hakuweza kudai kwa mkataba kwa sababu aliyelipa ni rafiki yake, kama ulivyolipa wewe. Akamfuata mtengenezaji, Stevenson, na mwaka 1932 majaji wa Baraza la Malodi, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, walimkubalia kwa watatu dhidi ya wawili: anayetengeneza kitu ili kimfikie mtumiaji bila kukaguliwa njiani ana wajibu wa kuwa mwangalifu kwa mtumiaji huyo, hata kama hajawahi kuonana naye wala kupokea senti yake. Kama konokono kweli alikuwamo, hakuna mahakama iliyowahi kulithibitisha, maana kesi ilimalizwa kwa maelewano kabla ya ushahidi kusikizwa. Lakini mlango ulikuwa umefunguka, na ndio mlango ambao binti wako anaweza kuupitia.

Mlango huo una kizingiti: mdai lazima aonyeshe uzembe. Binti wa Kwale atauonyeshaje uzembe wa kiwanda cha China? Wamarekani waligota hapo hapo. Jaji Roger Traynor wa California alilisema mapema, mwaka 1944, katika kesi ya mhudumu wa mgahawa aliyelipukiwa na chupa ya soda mkononi. Mwaka 1963 mahakama yake yote ikakubaliana naye katika kesi ya Greenman, mwanamume aliyepigwa kwenye paji la uso na kipande cha mbao kilichochomoka kwenye mashine ya useremala aliyozawadiwa na mkewe. Mtengenezaji akiiweka bidhaa sokoni huku akijua itatumiwa bila kukaguliwa, na kasoro yake ikamjeruhi mtu, anawajibika, uzembe hauulizwi. Traynor aliona kwamba kiwanda kinaweza kuigawa hasara hiyo katika bei na bima, ilhali kwa majeruhi mmoja ni maisha yake yote. Ulaya nayo ikaweka sheria ya namna hiyo mwaka 1985, na ikamhesabu anayeingiza bidhaa kutoka nje kama ndiye aliyeitengeneza, ili majeruhi asilazimike kuvuka bahari.

Kwetu, Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kulipwa fidia kwa hasara au jeraha lililotokana na kasoro ya bidhaa. Maneno hayo ni mazito. Hata hivyo, mahakama zetu zimeuzoea zaidi ule msingi wa konokono, kwa hiyo wakili yeyote mzuri ataandaa ushahidi wa uzembe pia, asitegemee Katiba peke yake.

Sasa nije jikoni kwako. Shemeji anasema binti alifungua kabla ya wakati. Soma tena ulichoniandikia: alizima, akangoja, akainua nati, mvuke haukutoka. Mbaazi hutoa povu na maganda, na maganda yakiziba kitundu cha mvuke nati hunyamaza huku presha imo ndani. Mtu yeyote angedhani imekwisha. Ndiyo maana sufuria ya presha iliyotengenezwa sawasawa huwa na vali ya pili ya usalama, na kifuniko chake hukataa kugeuka maadamu presha imo. Hiki chako kiligeuka. Huenda ni kasoro ya sufuria hii moja, huenda umbo lote la aina hii lina hitilafu, na vilevile onyo lilikuwa kwa lugha ambayo hakuna mtu wa nyumbani kwako anayeisoma. Anayetengeneza chombo cha jikoni anajua kitashikwa na watu wenye haraka, jua linazama na adhana inangojewa. Hata mahakama ikiona binti alichangia kidogo, kiasi cha fidia hupunguzwa kwa kadiri ya mchango wake. Dai halifutiki.

Kuna sentensi umeipita mbio, nami nimekwama hapo: mteja wa Likoni. Shemeji aliitaja kama ushahidi wa wema wake, na sina sababu ya kudhani alikusudia ubaya. Lakini mtu aliyerudishiwa sufuria kwa kulegea kifuniko, akaendelea kuuza za aina ile, hawezi tena kusema kwa urahisi kwamba aliuza boksi asilojua lina nini. Hapo hata yule anayetafuta uzembe anaweza kuuona. Kama alirudishiwa kabla ya wewe kununua, mambo ni tofauti sana na kama alirudishiwa baadaye. Muulize kwa upole, maana hakusema. Muulize pia zilizobaki ziko wapi. Ikiwa bado ziko rafuni, basi suala hili limeshatoka nje ya ukoo wenu, kuna jikoni nyingine Mombasa zinazochemsha mbaazi.

Hilo linaweza kupelekwa kwa Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, lenye mamlaka ya kukagua bidhaa zinazouzwa. Hatari yake unaijua: mzigo wa shemeji unaweza kuzuiwa, na atajua habari zimetoka wapi. Wengine huanza kwa kumpa mwenye duka nafasi aziondoe mwenyewe na amrudie mtu wa jumla. Njia hiyo inalinda uso wa mtu, lakini inategemea neno lake, na kila siku inayopita kuna anayenunua.

Mwalimu, sasa niguse jambo ambalo pengine hukulitegemea. Umesema wewe ulinunua sufuria tu. Kuna Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007, wengi wanaijua kwa jina la WIBA. Inamtaka mwajiri amlipe mfanyakazi aliyeumia kazini, na haiulizi mwajiri alikosa nini. Wafanyakazi wa nyumbani haikuwatoa. Binti aliumia jikoni kwako, akipika chakula chako, kwa mshahara wako. Kwa macho ya sheria hii, wa kwanza kuujibu ule mkono ni wewe, na haikuiti mbaya kwa hilo, kama nilivyokwambia haimwiti shemeji mbaya. Haraka ya kufungua kifuniko, kama ilikuwapo, si kujiumiza kwa makusudi, kwa hiyo haimpotezei binti haki yake.

Bili za hospitali ulizolipa ni sehemu ya wajibu huo, nawe umeutimiza bila kuambiwa. Lakini kuna zaidi: malipo ya muda ambao hawezi kufanya kazi, na fidia ya ulemavu kama vidole havitarudi. Ajali inatakiwa iripotiwe kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku saba tangu mwajiri apate habari, na dai liwasilishwe ndani ya miezi 12 tangu ajali. Siku saba zimepita, miezi 12 bado. Sheria inamtaka mwajiri awe na bima ya mambo haya. Wenye nyumba wengi hawanayo, na usipokuwa nayo malipo yanatoka mfukoni mwako. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu iliihalalisha sheria hii, pamoja na kile kipengele kinachomzuia mfanyakazi kumfungulia mwajiri kesi nyingine ya kawaida ya fidia. Haimzuii kumdai mtu wa nje, kama muuzaji au mwagizaji, na mwajiri aliyelipa anaweza kumgeukia huyo wa nje arudishiwe.

Unaona jinsi hali inavyobadilika. Ulidhani unachagua kati ya shemeji na binti, kumbe wewe na shemeji mnaweza kujikuta mko benchi moja. Pengine hilo litakuogopesha. Pengine pia litakurahisishia kuzungumza naye, maana hutamwendea kama mshtaki. Utamwambia, "Mimi natakiwa kubeba hili, na wewe unatakiwa kubeba lako, nani mwingine yuko juu yetu?" Juu yenu yuko mtu wa jumla, na juu yake yupo aliyeiingiza nchini. Shemeji ndiye mwenye majina hayo. Akiyatoa pamoja na karatasi za ununuzi, naye ana dai kwa aliyemuuzia, la ahadi ileile ya Sura ya 31. Akiyaficha, anabaki peke yake mbele ya binti.

Kuhusu ile karatasi, wewe huwezi kumsainia binti wala kumsukuma asaini. Hali ya vidole bado haijajulikana, na anayesaini leo anauza asichokijua bei yake. Tena wewe kuwa shahidi wa karatasi inayomfunga mtu unayemwajiri, kwa faida ya ndugu wa mume wako, kutakuja kuonekana vibaya hata kama nia ilikuwa safi. Zile 20,000 zinaweza kupokewa kama msaada bila sharti, iwapo shemeji atakubali kuandika hivyo. Huenda asikubali.

Kwa Kadhi hapana njia. Katiba imeipa mahakama hiyo mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu, sufuria haimo. Lakini mavyaa hajakosea kutaka kikao. Katiba hiyohiyo inahimiza suluhu, na suluhu iliyoandikwa vizuri, baba wa binti akiwapo na mtu wa sheria akiipitia, inaweza kumletea binti pesa mapema kuliko kesi. Udhaifu wa vikao vya nyumbani ni kwamba mnyonge huketi karibu na mlango na kuitikia kila kitu. Mashirika ya msaada wa kisheria ya Kituo cha Sheria na FIDA, hili la mwisho la mawakili wanawake, yana ofisi Mombasa na husaidia wasio na uwezo, kwa hiyo anaweza kuwa na mtu wake.

Mkishindwana, ipo Mahakama ya Madai Madogo, ya madai yasiyozidi shilingi milioni moja, ikiwemo fidia ya majeraha ya mwili. Wakili si lazima, na sheria inataka kesi imalizike ndani ya siku 60. Kwa mkono uliopandikizwa ngozi, huenda dai likapita milioni, na hapo ni mahakama ya hakimu na safari ndefu zaidi. Muda wa kudai kwa jeraha la uzembe ni miaka mitatu, na kwa mkataba ni miaka sita, kwa hiyo hakuna anayekulazimisha uamue kabla ya Idi.

La kufanya sasa hivi, liwe lolote mtakaloamua, ni kuihifadhi sufuria. Usiioshe, usiitengeneze, usimrudishie shemeji hata akisema anataka kumwonyesha mtu wa jumla. Ipige picha, kitundu cha mvuke kikiwa na maganda yake, mpira wa kifuniko, maandishi ya chini. Tunza boksi, ile karatasi ya Kichina, karatasi za hospitali na ujumbe wa M-Pesa, ambao unatosha kabisa kuonyesha ulinunua kwa nani, lini na kwa kiasi gani.

Kisha kuna mtu ambaye barua yako haikunipa neno lake hata moja baada ya ajali. Najua anachotaka shemeji, mume wako, mavyaa na baba mtu. Binti mwenyewe anataka nini? Huenda anataka kurudi kazini kwako, huenda hataki kuliona tena jiko lile, huenda anataka ada ya kozi ya kushona aliyoikusudia kabla vidole havijaharibika. Mweleze haki zake zote, pamoja na zile zinazokugusa wewe, kabla hujamuuliza. Akitaka baba yake awepo, mngojee afike kutoka Kwale. Na siku hiyo karatasi ya shemeji isiwe mezani.